Pikipiki ya Injekta na Lita ya Petroli: Marekebisho Yanayoanzia kwenye Sensa

Mada kwa semina ya mafundi wa pikipiki

Utangulizi

Kwa miaka mingi fundi wa pikipiki wa Afrika Mashariki alihitaji bisibisi na sikio zuri ili kupunguza ulaji wa mafuta. Alizungusha skrubu ya kabureta, akasikiliza mlio, akachomoa plagi na kutazama rangi yake, kisha akamrudishia dereva chombo chake. Bajaj Boxer na TVS HLX nyingi zinazobeba abiria barabarani bado hutengenezwa hivyo hivyo. Lakini pikipiki za injekta zinazidi kufika gereji, na wenye nazo huja na ombi lile lile la zamani: "Fundi, inakula mafuta. Nipunguzie."

Ombi ni lile lile, ila chombo kimebadilika. Hakuna skrubu ya kuzungusha. Kiasi cha mafuta kinaamuliwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti, inayosikiliza sensa na kufanya hesabu mara nyingi kwa sekunde. Fundi akiingia hapo kwa mazoea ya kabureta, ataharibu kilicho kizima.

Msimamo wa mada hii ni kwamba mafuta mengi huokolewa kwa kuipa kompyuta taarifa za kweli. Kubadilisha programu yake ni hatua ya mwisho. Faida yake ni ndogo, na ikifanywa bila vipimo inaweza kuua injini.

1. Injekta ilikotoka

Mwaka 1980 Kawasaki ilitoa Z1000-H1, miongoni mwa pikipiki za kwanza za kiwandani zilizotumia injekta za kielektroniki. BMW ikafuata na K100 mwaka 1983. Zote zilikuwa pikipiki kubwa za wenye fedha, na kwa muda mrefu injekta ilibaki huko juu.

Kilichoishusha hadi kwenye injini za sentimita za ujazo 100 na 125 ni sheria za moshi. Ulaya ilianza kutumia kiwango cha Euro 4 kwa aina mpya za pikipiki mwaka 2016. India, ambako ndiko zinakotoka pikipiki nyingi za biashara za Afrika Mashariki, ilianza kutumia kiwango cha BS-VI tarehe 1 Aprili 2020, na watengenezaji wake wakahamia injekta kwa wingi.

Kulikuwa na sharti lingine lililopaswa kutimia kwanza. Risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli huua sensa ya oksijeni na kichujio cha moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Bila hatua hiyo, sensa inayojadiliwa hapa isingedumu.

2. Jinsi kompyuta inavyogawa mafuta

Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli kwa shinikizo lisilobadilika. Katika pikipiki nyingi ndogo za Honda shinikizo hilo ni karibu kilopaskali 294, yaani paundi 43 kwa inchi ya mraba. Kwa kuwa shinikizo ni lile lile, kiasi cha mafuta kinategemea muda ambao injekta inabaki wazi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko wake kamili wa kazi huchukua milisekunde 20 tu. Ndani ya muda huo injekta lazima ifunguke, inyunyize na ifunge.

Ili kuamua muda huo, kompyuta huuliza maswali machache. Injini inazunguka kwa kasi gani? Akseleta imefunguliwa kiasi gani? Shinikizo la hewa katika njia ya kuingilia likoje? Hewa ina joto gani, na injini je? Kila swali lina sensa yake. Majibu hulinganishwa na jedwali la kiwandani, ambalo mafundi hupenda kuliita ramani, na injekta hupewa amri.

Baada ya mwako huja mkaguzi, sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Moshi ukionyesha mafuta yamezidi, hutoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta huongeza na kupunguza mafuta mfululizo ili sensa hiyo iendelee kupanda na kushuka kupita volti 0.45, mahali ambapo uwiano ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kazi hii hufanyika injini ikiwa silensa, yaani ikizunguka bila akseleta kuvutwa, na pikipiki ikiwa katika mwendo wa kawaida. Injini ikiwa baridi, au dereva akivuta akseleta hadi mwisho, kompyuta huacha kumsikiliza mkaguzi na kufuata jedwali pekee.

3. Hesabu ya kuongeza na kupunguza

Uwiano wa 14.7 ndio unaokiwezesha kichujio cha moshi kufanya kazi yake. Nguvu nyingi zaidi hupatikana mafuta yakiongezwa hadi karibu 12.5 au 13. Ulaji mdogo zaidi hupatikana yakipunguzwa kidogo, karibu 15.5 au 16.

Hesabu ifanywe kwa hewa ya kiasi kile kile. Pikipiki inayokwenda kwa 13 badala ya 14.7 inachoma mafuta zaidi kwa karibu asilimia 13. Pikipiki iliyopunguziwa hadi 15.5 inachoma pungufu kwa karibu asilimia 5. Nguvu nayo hushuka kidogo, hivyo dereva huongeza akseleta na sehemu ya akiba hiyo humponyoka.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopaswa kumwongoza fundi. Sensa moja mbovu inaweza kumgharimu mteja zaidi ya mara mbili ya kile ambacho ramani mpya ingemwokolea. Anayeanza na ramani anaacha shimo kubwa na kuziba dogo.

Ukipunguza mafuta kupita 16, mambo hugeuka. Mchanganyiko mwembamba huwaka polepole na huhitaji cheche iwahi zaidi, jambo ambalo skrubu wala kizuizi cha umeme cha kuidanganya sensa haviwezi kulipanga. Baadhi ya mizunguko hupita bila kuwaka vizuri, injini hutetemeka, na petroli iliyokwisha kunyunyizwa hutoka na moshi bila kufanya kazi. Akiba inageuka hasara.

4. Taarifa za uongo zinakotoka

Taa ya injini ikiwaka, kazi inaanza kwa kusoma namba ya kosa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za Honda taa yenyewe hutamka namba kwa kumweka: mmweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Namba 1 huelekeza kwenye sensa ya shinikizo la hewa, 7 kwenye sensa ya joto la injini, 8 kwenye sensa ya akseleta, 9 kwenye sensa ya joto la hewa, 12 kwenye injekta na 21 kwenye sensa ya oksijeni.

Ugumu upo pale ambapo pikipiki inakula mafuta na taa haiwaki. Hali tatu zinastahili kuchunguzwa kwanza.

Ya kwanza ni kutu kwenye soketi ya sensa ya joto la injini. Ukinzani wa sensa hii hupanda injini ikiwa baridi na kushuka ikipata moto. Waya ukikatika, kompyuta hugundua na kuwasha taa. Lakini kutu ikiongeza ukinzani kidogo tu, kompyuta huamini kuwa injini bado ni ya baridi. Inaongeza mafuta kama ya alfajiri hata saa nane mchana, bila kulalamika.

Ya pili ni mwanya kwenye bomba la moshi kabla ya sensa ya oksijeni. Gasketi ikichakaa, au bomba likipasuka baada ya kuanguka, hewa ya nje huvutwa ndani. Sensa inaona oksijeni, inatoa taarifa kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza. Fundi akibadilisha sensa, tatizo linabaki pale pale, kwa sababu sensa ilisema kweli kuhusu hewa iliyoiona.

Ya tatu ni mpira mdogo wa sensa ya shinikizo uliopasuka au kuchomoka. Sensa inasoma shinikizo kubwa kuliko lililopo, na kompyuta inahesabu mzigo ambao pikipiki haijaubeba.

Zipo pia sehemu zisizo na sensa kabisa: filta ya hewa iliyojaa vumbi, vali zilizobana, injekta yenye uchafu inayomwaga matone badala ya kunyunyiza, pampu iliyochoka, betri dhaifu inayochelewesha injekta kufunguka. Plagi nayo ina kosa lake. Mifumo mingi ya injekta inahitaji plagi yenye kizuizi cha ndani, ambayo kwa NGK hutambuliwa kwa herufi R katika namba yake. Plagi isiyo na kizuizi hutoa mawimbi ya umeme yanayoweza kuivuruga kompyuta.

5. Vifaa vya kuokoa mafuta na ramani mpya

Sokoni kuna vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa na kuuzwa kwa ahadi ya kuokoa mafuta. Ndani mwake aghalabu mna kizuizi cha umeme cha bei ndogo, kinachomfanya mtu aamini amefunga teknolojia mpya. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta iamini hewa ina joto kuliko ilivyo, ili ipunguze mafuta. Katika mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni huugundua udanganyifu huo na kompyuta huusahihisha. Akseleta ikivutwa sana, hakuna wa kusahihisha. Basi mafuta yanapungua wakati injini imebeba mzigo, na hapo ndipo pistoni hupata moto wa kuitoboa.

Vifaa vya kweli vipo. Power Commander ya Dynojet hukaa kati ya kompyuta na injekta, ikirefusha au kufupisha muda wa injekta kwa asilimia, kulingana na kasi ya injini na akseleta. Programu ya TuneECU husoma na kuandika upya ramani za pikipiki kadhaa, zikiwemo za Triumph na KTM. Lakini mwenye vifaa hivyo anahitaji kipimo cha uwiano wenyewe, yaani sensa pana ya oksijeni kama Bosch LSU 4.9, kwa kuwa sensa ya kiwandani hueleza tu kama mafuta yamezidi au yamepungua, bila kusema kwa kiasi gani.

Anayebadilisha ramani kwa ajili ya ulaji aguse mahali pamoja tu: mwendo wa kati wenye mzigo mdogo. Apunguze kwa hatua ya asilimia 2 au 3, apime, aendeshe, apime tena. Sehemu ya mzigo mkubwa ibaki na mafuta yake, kwani petroli ya ziada hapo huipoza injini.

6. Petroli na mwinuko

Ramani nyembamba na petroli iliyochakachuliwa ni mchanganyiko wa hatari. Mafuta ya taa yana okteni ndogo, hivyo injini hugonga. Na kwa kuwa hayageuki mvuke upesi, huchafua plagi na oili. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, katika mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili kuwabaini wachakachuaji. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo la kuzuia uchakachuaji. Kabla ya kulaumu injekta, fundi amuulize mteja anajaza wapi.

Ethanoli nayo hubadilisha hesabu. Lita yake ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko lita ya petroli. Malawi imekuwa ikiichanganya katika petroli tangu 1982, na India imefikia mchanganyiko wa asilimia 20. Mfumo wenye sensa ya oksijeni hujirekebisha, lakini kilomita kwa lita lazima zipungue kidogo, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kuhusu mwinuko, injekta inashinda waziwazi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kabureta iliyosetiwa pwani hufika Nairobi ikimwaga mafuta kupita kiasi. Kompyuta husoma shinikizo hilo na kupunguza yenyewe, ilimradi sensa yake ni nzima.

7. Mkono wa dereva

Kazi ya gereji inaweza kupotea barabarani. Nguvu ya upepo inayoipinga pikipiki hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, inaongezeka mara 2.25. Tairi lenye upepo mdogo, cheni kavu na breki inayoshika bila kukanyagwa hula petroli ambayo kompyuta haina namna ya kuizuia.

Tabia moja inahitaji kubadilika. Madereva wengi huteremka milima kama Kitonga kwa frii wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye mifumo mingi ya injekta, pikipiki ikiteremka ndani ya gia na akseleta ikiwa imefungwa, kompyuta hufunga injekta kabisa. Ikiwa kwenye frii, injini huendelea kuchoma mafuta ya silensa. Aliye ndani ya gia anaokoa mafuta na ana breki ya injini. Aliye kwenye frii amekosa vyote viwili.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila kazi ya ulaji wa mafuta ianze na kipimo. Tangi lijazwe hadi alama, pikipiki itembee katika njia yake ya kila siku, lijazwe tena hadi alama ile ile. Kilomita 320 kwa lita 8 ni kilomita 40 kwa lita. Bila namba ya kabla na ya baada, madai ya fundi hayana uzito.

Pili, ukaguzi ufuate mpangilio: filta, plagi, vali na cheni, kisha namba za makosa, kisha soketi na mipira, kisha shinikizo la pampu na usafi wa injekta, kisha sensa ya oksijeni na bomba la moshi, na ramani iwe ya mwisho.

Tatu, vyuo vya ufundi vinavyosimamiwa na VETA nchini Tanzania, na vituo vya NITA nchini Kenya, viweke usomaji wa sensa katika masomo ya fundi pikipiki, pamoja na mita ya umeme na geji ya shinikizo la mafuta katika vifaa vyake vya lazima.

Nne, na hili ni ombi kwa mafundi wote: mteja akileta kifaa cha kuidanganya sensa, aelezwe kinachofanya, na asifungiwe.