Hitilafu za Usukani na Springi katika Malori Makuukuu: Chanzo, Uchunguzi na Matengenezo

Mada hii inahusu mifumo miwili ya lori zito ambayo vitabu vya ufundi huieleza katika sura mbili tofauti, ilhali katika lori lililotumika kwa miaka 20 au zaidi mifumo hiyo huishi kama mfumo mmoja. Wa kwanza ni mfumo wa usukani, unaopeleka amri ya dereva hadi kwenye magurudumu ya mbele. Wa pili ni mfumo wa springi, unaobeba mzigo na kuishikilia kila ekseli mahali pake chini ya chesisi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba malalamiko mengi ya madereva kuhusu usukani chanzo chake kiko chini zaidi, kwenye springi, bushi na bolti, na kwamba matengenezo yanayoanzia karibu na mikono ya dereva badala ya kuanzia penye tairi huficha hitilafu bila kuiondoa. Mifano inatokana zaidi na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, kwa kuwa ndiyo njia ya mizigo ya Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa kuwa mlima Kitonga mkoani Iringa, kwa kona zake kali na mteremko wake mrefu, ni mahali ambapo lori lililolegea usukani halina pa kujificha.

Njia ya nguvu kutoka mkononi hadi tairini

Katika malori mengi ya zamani, yenye ekseli moja nzima ya mbele inayounganisha magurudumu mawili, shafti ya usukani huingia katika boksi la usukani lililofungwa kwenye chesisi, ambamo gololi za chuma hutembea katika mifereji ya skrubu na kuisogeza nati yenye meno, nayo meno hayo huzungusha shafti fupi inayotokeza nje ya boksi. Shafti hiyo hubeba mkono unaoitwa pitimani, ambao huvuta au kusukuma fimbo ndefu iitwayo draglinki. Draglinki hugeuza gurudumu la upande mmoja, na fimbo nyingine inayolala sambamba na ekseli, yaani tairodi, huligeuza gurudumu la upande wa pili. Kila gurudumu hugeuka juu ya kingpini, ambayo ni pini nene ya chuma kigumu iliyopita katika ncha ya ekseli na kushikwa na bushi mbili, moja juu na moja chini, zinazopokea msuguano ili pini yenyewe isilike.

Kutoka mkononi hadi tairini, basi, kuna viungo visivyopungua saba, na kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu huo hujumlishwa na kumfikia dereva kama mchezo, yaani mzunguko wa usukani ambao magurudumu hayauitikii. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari hutoa mfano wa mchezo uliokithiri kuwa ule ambao ukingo wa usukani husogea zaidi ya sehemu moja ya tano ya kipenyo chake, ambayo kwa usukani wa sentimita 50 ni sentimita 10. Kipimo hicho kieleweke vizuri: ni kipimo cha kulikataa gari, si cha kuamua lini matengenezo yaanze, na mwenye lori anayesubiri hadi sentimita 10 zitimie amekwisha kuchelewa.

Kosa la kukaza boksi

Juu ya boksi la usukani kuna skrubu ya kurekebishia, ambayo huyasogeza meno ya shafti karibu zaidi na meno ya nati. Kwa kuwa lori hutumia sehemu kubwa ya safari likienda moja kwa moja, meno ya katikati ndiyo yanayolika, huku yale ya pembeni, yanayofanya kazi kwenye kona tu, yakibaki karibu na hali yake ya awali. Dereva anapolalamika kwamba lori linayumba, fundi mwenye haraka hufungua nati ya kufungia, hukaza skrubu hiyo mpaka mchezo uishe katikati, na dereva huondoka ameridhika. Kilichotendeka ni kwamba meno ya pembeni, ambayo hayakuwa na ulegevu wowote, sasa yanabanana. Lori likiingia kona usukani hukaza, na likitoka kona haurudi wenyewe, hivyo dereva hulazimika kuurudisha kwa nguvu na mara nyingi hupitiliza.

Jambo baya zaidi ni kwamba mara nyingi mchezo huo haukuwa wa boksi kabisa, bali wa ncha za draglinki au wa bushi za kingpini, ambazo huendelea kulika bila kelele kwa sababu dalili yake imefutwa. Msaada wa mafuta, yaani pampu inayoendeshwa na injini ili kumpunguzia dereva kazi, nao huchangia ufichaji huu, kwa kuwa mikono ya dereva haihisi kwa urahisi kingpini iliyokosa grisi na kuanza kukaza. Kwa sababu hiyo skrubu ya boksi haipaswi kuguswa kabla viungo vyote vilivyo chini yake havijapimwa na vilivyolika havijabadilishwa, na hata hapo irekebishwe kwa kipimo cha mtengenezaji, magurudumu yakiwa yameelekea mbele.

Springi inavyoligeuza lori

Springi ya lori la zamani ni rundo la mabamba ya chuma, yaitwayo majani, yaliyopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili yawe magumu na wakati huohuo yanyumbulike. Majani hayo hupitishwa bolti moja katikati, iitwayo sentabolti, ambayo kichwa chake hukaa katika tundu la kitako cha ekseli. Kisha springi na ekseli hubanwa pamoja kwa yu-bolti, yaani bolti zilizopindwa kwa umbo la herufi U. Wengi hudhani kwamba sentabolti ndiyo inayoishikilia ekseli, kumbe kazi yake ni kuonyesha mahali tu, na nguvu yote ya kushika ni ya yu-bolti. Yu-bolti zikilegea, majani huanza kusugana, springi huvunjika palepale katikati penye tundu la sentabolti, au bolti hiyo hukatika na ekseli husogea nyuma upande mmoja, hata lori likaenda mshazari na dereva akawa ameshika usukani uliopinda ili lori linyooke.

Uhusiano wa springi na usukani ni wa ndani zaidi ya hapo. Katika mpangilio ulio wa kawaida, springi ya mbele hufungwa kwa pini isiyohama upande mmoja na kwa shakeli, yaani kiungo kinachobembea, upande wa pili, kwa hiyo tairi likipanda tuta ekseli haisogei wima bali hufuata upinde. Ncha ya draglinki nayo hufuata upinde wake, unaozunguka pitimani. Mtengenezaji hupanga pinde hizi mbili zikaribiane, ili tairi lipande na kushuka bila kugeuka. Springi ikilala kwa uchovu, au ikiongezwa majani mawili matatu ili ibebe zaidi, pinde hizo huachana, na kila shimo huligeuza lori kidogo hata kama dereva hakuzungusha kitu. Wakati wa breki hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ekseli hutaka kuzunguka pamoja na magurudumu, springi iliyochoka hujipinda, na kwa kuwa draglinki imeshika upande mmoja tu, lori huvuta daima upande uleule. Hapo ndipo huja kishawishi cha kuzipunguza au kuzifunga breki za mbele ili lori lisivute, uamuzi ambao unaziachia breki za nyuma peke yake kazi ya kuushusha mzigo wote Kitonga.

Kuongeza majani kunastahili kukemewa bila kigugumizi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na jumla ya tani 56 kwa gari zima, na hakuna jani la ziada linalobadilisha mipaka hiyo. Jani hilo halizidishi uwezo wa kingpini, wa beringi za habu, yaani za kitovu cha gurudumu, wala wa breki. Linachofanya ni kuondoa dalili ya macho, ile ya lori kuinama, ambayo ingemwonya mwenye mali. Tena lori linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla na bado likakutwa na kosa kwenye mizani, kwa sababu bushi za kisawazishi, yaani kiungo kinachogawa mzigo baina ya ekseli mbili za nyuma, zimelika na ekseli moja inabeba sehemu ya mwenzake.

Uchunguzi

Uchunguzi wa kuaminika hauhitaji mitambo ya gharama, bali utaratibu na watu wawili. Kwanza lori lisimame chini kwa uzito wake, injini ikiwaka. Mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kusita, mwingine atazame kila kiungo kwa zamu, akiweka vidole penye ncha ya draglinki na ya tairodi, kwa kuwa kidole huhisi mtikisiko ambao jicho halikuuona. Kisha ekseli ya mbele ipigwe jeki na kuwekewa stendi, na tairi linyanyuliwe kwa mtaimbo kutoka chini na kutikiswa juu na chini. Likicheza, breki ikanyagwe na jaribio lirudiwe: mchezo ukitoweka, kosa ni la beringi za habu, ukibaki, kosa ni la kingpini na bushi zake. Hatua hii ndogo ya kukanyaga breki husahauliwa mara nyingi, na matokeo yake ni beringi nzima kubadilishwa huku kingpini mbovu ikirudi barabarani.

Kwenye springi, vumbi jekundu la kutu linalotoka baina ya majani, au mstari unaong'aa kandokando ya kitako cha yu-bolti, ni ushahidi kwamba chuma kinatembea mahali ambapo hakikupaswa kutembea. Shokapu, yaani kifaa kinachozuia springi isidundedunde, nayo hujieleza mara tu lori linapowasili kutoka barabara mbovu: iliyofanya kazi huwa na joto, na iliyobaki baridi huku mwenzake ana joto haizuii chochote.

Matengenezo

Jani lililovunjika lisichomelewe, wala mkono wa usukani uliopinda usipashwe moto na kunyooshwa, kwa sababu moto wa gesi au wa umeme huharibu ugumu ambao kiwanda kiliupata kwa vipimo. Springi zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, ili lori lisisimame mshazari. Yu-bolti zilizokwisha kufunguliwa zisirudishwe, kwa kuwa nyuzi zake zimevutika; mpya zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kazi hiyo ya kurudia haimchukui fundi muda mrefu, lakini ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu lori likishatoka gereji hutakiwa bandarini.

Wamiliki wanaombwa waiweke safari hiyo ya kurudi gereji katika hesabu ya matengenezo tangu mwanzo, na walipie grisi ya kingpini kama wanavyolipia dizeli. Wasimamizi wa vituo vya mizani vya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, ambako malori husimama kila siku kupimwa uzito, nao wanaombwa washirikiane na wakaguzi wa magari, ili lori linaloonekana kulalia upande mmoja litazamwe pia yu-bolti na majani yake kabla halijaruhusiwa kuendelea na safari.