BUSTANI NA MAJIRA YAKE
(Hotuba ya karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wenyeji wa Ipole)

Mimi si bwana shamba, wala sikusomea kazi ya miti. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini mtu aweza kunena juu ya jambo alilolikosea kisha akalitengeneza, na kwa habari ya bustani mimi nilikosea sana. Basi leo nataka kusema juu ya furaha ya bustani, na namna ya kuipata furaha hiyo pasipo kumdhulumu jirani.

Kwanza nitawachukua mbali kidogo. Katika nchi ya Uskoti, pwani ya magharibi, pana mahali paitwapo Inverewe. Mahali hapo ni pa baridi. Katika mwezi wa Desemba mchana wake haufiki saa 7, na upepo wa bahari huvuma pamoja na chumvi hata kuunguza majani. Mwaka 1862 bwana mmoja, jina lake Osgood Mackenzie, alianza kutengeneza bustani huko juu ya rasi ya mawe, ambayo karibu haikuwa na mti, na udongo wake ulikuwa haba. Hakuanza kwa maua. Alianza kwa kupanda misonobari na miti mingine migumu iwe kinga ya upepo, na udongo ulichukuliwa kwa vikapu migongoni mwa watu. Akangoja miaka mingi hata miti ile ikawa kama ukuta, ndipo alipopanda mimea dhaifu ndani yake. Katika bahari ile pana mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao mbali, nao hupunguza ukali wa baridi. Kwa hivi ndani ya kinga ile ikastawi hata mimea ya nchi zenye joto zaidi. Alipofariki mwaka 1922 binti yake aliendelea na kazi, na mwaka 1952 bustani ilikabidhiwa kwa chama cha kuhifadhi mahali pa sifa katika Uskoti, nayo yatembelewa na watu hata leo.

Watu wa pwani zile hufungiwa nyumbani miezi mingi kwa baridi na giza. Hata ifikapo Machi na Aprili maua ya kwanza huchomoza ardhini, na katika Juni mchana huwa karibu saa 18. Hapo ndipo mzee na mtoto hutoka nje, wakaketi bustanini hata usiku kuingia, kwa kuwa wajua kwamba siku hizo ni chache. Furaha yao yatokana na kule kungoja.

Sasa turudi kwetu. Pengine mtu atasema, “Sisi hatuna baridi ya namna hiyo, habari hizi zatuhusu nini?” Wazee wangu, sisi nasi tuna majira yetu ya kufungiwa. Mvua zetu hukoma Aprili au Mei. Juni na Julai usiku huwa na baridi, kwa maana nchi yetu ya Tabora imeinuka kama mita 1,200 juu ya bahari. Kisha huja jua la Agosti na Septemba. Mbuga hupasuka, majani ya miombo huanguka, moshi wa mioto hujaa kila upande, na mama zetu huamka usiku wa manane kwenda kungoja maji kisimani. Hiyo ndiyo baridi yetu, ingawa yaja kwa jua.

Lakini tazameni jambo la ajabu ambalo tumelizoea hata hatulitazami. Mwishoni mwa Septemba na katika Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha hata tone, miombo huchipua. Mitundu na miyombo huvaa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai, hata msitu wote waonekana kama unaowaka pasipo moto. Wageni hudhani kwamba majani yale yanakufa, kumbe yanazaliwa. Miti ile huweka akiba ya maji katika shina, na mizizi yake hushuka chini sana. Kwa hivi haingoji mvua, bali huitangulia. Na ule wekundu huwa kama mwavuli wa kulikinga jani changa na ukali wa jua, hata likomae na kuwa kijani. Nyuki waijua miti hii kuliko sisi, na asali iliyolipa jina nchi yetu yatokana na maua yake. Kisha mvua za Novemba zikianza, nyasi huota, na watoto hujua wenyewe wapi pa kutafuta mbula, matonga na furu. Basi hiyo ndiyo bustani yetu ya kwanza, tuliyopewa bila kupanda.

Bustani ya pili tuliachiwa na watu wa njia. Ninyi mwajua kwamba nchi hii ilikuwa njia kuu ya misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora, mwaka 1857. Stanley alifika mwaka 1871, na kwa kuwa vita vya Mirambo viliziba njia ya magharibi, alizunguka upande huu wa kusini kupitia Ugunda na Ukonongo. Aliporudi pamoja na Livingstone walikaa Kwihara mwanzoni mwa mwaka 1872, na Livingstone akabaki huko peke yake hata Agosti. Katika kitabu chake Stanley alitaja vitunguu, ngano, ndimu, mipapai, miembe na mikomamanga iliyopandwa na Waarabu kuzunguka matembe yao. Biashara ile ilikuwa pia biashara ya watu na ya pembe, na machozi yake hatuyasahau. Lakini mwembe hauna hatia. Embe huiva karibu na mwanzo wa mvua, wakati ghala zimepungua na mahindi mapya bado, na watoto wengi wa nchi hii wamevuka siku hizo kwa kula maembe.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipopata kazi na kujenga nyumba yangu, nilitaka iwe na bustani ya maua mbele, kama zile nilizoziona nilipokuwa shuleni. Nikapanda waridi na zinia, nikaweka mawe meupe kandokando. Wakati wa mvua yalipendeza, na wapita njia walisimama kutazama. Nikajiona mtu mkubwa. Hata ilipofika Septemba maua yakaanza kunyauka, nami sikukubali yafe. Nikampa kijana mmoja ujira, akateka maji kisimani asubuhi na jioni, debe mbili kila safari, kuyanywesha maua yangu.

Siku moja ya Oktoba, jioni, mama mmoja mzee alipita mbele ya nyumba yangu na mtungi mtupu kichwani. Akasimama, akayatazama maua kwa muda mrefu. Nikadhani atayasifu. Akasema, “Mwanangu, maua yako mazuri, lakini yanakunywa uji wa wajukuu wangu.” Akaenda zake. Sikuwa na la kujibu. Usiku ule sikulala vema. Asubuhi nikaenda kisimani mwenyewe, nikaona wanawake wamekaa chini wakingoja maji yajikusanye, kata moja moja. Tangu siku ile nikamkomesha kijana yule, na waridi likakauka. Nikaenda kwa mama yule kuomba radhi, naye akacheka, akanipa mbegu za maboga.

Kwa hivi nilijifunza upya, na haya ndiyo niliyoyaona kuwa ya kufaa.

La kwanza ni kinga. Bwana yule wa Uskoti alianza na ukuta wa miti kwa sababu adui yake alikuwa upepo. Adui zetu ni mbuzi na moto. Pandeni ua wa minyaa, kwa maana hauhitaji maji, na mbuzi hawaupendi. Ila waonyeni watoto, utomvu wake hudhuru macho. Kabla ya kiangazi kukaza, limeni ukanda mtupu kuzunguka bustani, moto wa porini usipate njia. Mimi miche yangu miwili ya miembe iliungua kwa kuwa nilisema nitalima kesho.

La pili ni majira. Pandeni miti mvua zinapoanza kushika, katika shimo la futi 2 lililochanganywa samadi iliyooza, ili mizizi iwe na miezi mingi ya kushuka chini kabla ya jua. Maua ya msimu yaacheni yaje na mvua na kufa na mvua; kusanyeni mbegu, mngoje mwaka ujao. Kungoja huko hakutawapunguzia furaha.

La tatu ni maji. Maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo yasimwagwe njiani; yapeni mche. Tena zikeni chungu cha udongo kando ya mche, mkijaze maji na kukifunika. Maji yatavuja polepole mizizini, wala jua halitayanywa. Funikeni udongo kwa majani makavu, lakini msiyasogeze hata shinani, maana mchwa hawahitaji kukaribishwa mara mbili. Na kisima kiwe cha watu kwanza.

Walimu wangu, kila shule yaweza kuwa na bustani ya namna hii, na kila mtoto akapewa mche mmoja wa kuutunza hata amalize masomo. Nanyi wazee, kesi za mioto na mbuzi huletwa kwenu. Mkizikata kwa haki, bustani zitapona. Wahenga walisema, “Mchumia juani hulia kivulini.” Kule kwangu waridi halipo tena. Pana miembe mitatu, mpapai, na ua wa minyaa, na mbele ya mlango maboga hutambaa wakati wa mvua. Yule mama mzee hupita akaketi chini ya mwembe kupumzika na mtungi wake, nami huona kwamba bustani yangu imependeza kuliko zamani.