Hesabu ya Mirathi na Hesabu ya Mishale

 

Nimetakiwa niseme juu ya elimu, nami nimechagua hesabu. Huenda wengine wakastaajabu, maana mimi ni mtu wa chuo, na skuli niliishia darasa za chini. Lakini kila agawaye mirathi ni mtu wa hesabu, apende asipende. Mwanamke amefariki, ameacha mume na ndugu wawili wa kike wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, na wale ndugu wana thuluthi mbili. Ukiligawa fungu kwa sita, mume atwaa matatu, nao watwaa manne. Jumla ni saba, hali mafungu ni sita! Ndipo mali hugawanywa kwa saba, kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri yake, wala asidhulumiwe mtu.

Kwa haja kama hizi, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, alitunga kitabu cha jabra, na sehemu yake kubwa ni ya wasia na mirathi. Jina la elimu hiyo ulimwengu mzima limetoka katika kitabu hicho.

Sasa nawasimulia habari ya mtu aliyeifikisha jabra mbali katika zama zetu. Hakuwa wa dini yetu. Twamtaja kwa ajili ya elimu yake. Jina lake Alexander Grothendieck. Alizaliwa Berlin mwaka 1928. Vita vilipokuja, yeye na mama yake walifungwa kambini Ufaransa, na baba yake akauawa Auschwitz mwaka 1942. Mtoto yule wa kambini alikwenda skuli kwa miguu. Hakuwa raia wa nchi yoyote hata mwaka 1971. Na mtu huyo huyo, mwaka 1966, alipewa Nishani ya Fields, iliyo tukufu kabisa kwa watu wa hesabu.

Alifanya nini? Kijana mmoja mwalimu wa hesabu alikuja kwangu kusoma elimu ya mirathi, naye akanilipa kwa kunieleza. Mwaka 1945 wanavyuoni wawili huko Marekani, Eilenberg na Mac Lane, walianzisha nadharia ya kategoria. Humo kitu hakitazamwi kilivyo ndani yake, bali hutazamwa mishale itokayo kwacho na iendayo kwacho, yaani uhusiano wake na vinginevyo. Na mshale ukifuatwa na mshale, huwa mshale mmoja. Grothendieck aliichukua njia hiyo, na kwa makala yake ya mwaka 1957 na vitabu vilivyofuata akaijenga upya elimu inayounganisha jabra na maumbo.

Niliposikia hayo nilicheka kwa furaha. Nikamwambia, "Mwanangu, hii naijua!" Katika mirathi hatuulizi mtu ni mrefu au mfupi, tajiri au maskini. Twauliza: ni nani kwa marehemu? Mama, binti, mume, au mtoto wa mtoto? Nasaba ndiyo mishale, nayo hutupa fungu.

Mwaka 1967 Grothendieck alikwenda Vietnam, akasomesha kategoria porini nje ya Hanoi, kwa kuwa mji ulikuwa ukipigwa mabomu. Mwaka 1970 aliiacha taasisi yake karibu na Paris, alipojua kuwa sehemu ya fedha zake zatoka jeshini. Mwaka 1988 alikataa zawadi kubwa ya Sweden. Akafa mwaka 2014, akiishi peke yake kijijini.

Ndugu zangu, nina la kukiri. Zamani mzee mmoja aliniuliza, amtoe mwanawe skuli akae dukani? Kijana yule alikuwa hodari wa hesabu, akigawa mirathi kichwani kabla sijamaliza kuandika. Nikasema, "Mtoe, kusoma na kuandika kwamtosha." Hata leo nikipita mbele ya duka lile hutazama chini. Kosa ni langu, si la baba yake.

Kwa hivyo naiomba jumuiya yetu jambo moja: chumba kimoja cha chuo kiwe wazi baada ya Isha, chenye meza na taa, kwa watoto wetu wa kike na wa kiume wanaosoma hesabu. Na mtoto wa mkimbizi asiulizwe karatasi zake mlangoni. Mafuta ya taa kwa mwezi wa kwanza ni juu yangu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.