Nani Alipe Fidia ya Makosa ya Polisi?



Mwaka 1976 watu waliokamatwa mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za mauaji ya kishirikina waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwanzoni mwa 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyetoa kipigo. Kitendo kile kinasifiwa mpaka leo, na ni haki kisifiwe. Lakini kujiuzulu kwa waziri hakumnunulii mjane unga. Nani alipe fidia?

Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya 1967, ambayo sasa ni Sura ya 5, inaibebesha Serikali dhamana ya makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Zamani ilibidi mdai aombe kwanza kibali cha kuishtaki Serikali. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Siku hizi hutoa notisi ya siku 90. Hata akishinda, hawezi kumtuma dalali wa mahakama akamate gari la Serikali. Hupewa hati ya deni, akasubiri. Na mnyonge, ndugu zangu, amekwisha kusubiri mengi.

Wako wanaosema askari alipe peke yake. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini mshahara wa konstebo hautoshi kufidia mguu uliovunjwa, sembuse roho. Mwaka 2021 mji wa Minneapolis, Marekani, ulikubali kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27. Askari gani angezitoa? Basi Serikali ilipe kwanza, tena mapema, kwani ndiyo iliyompa askari sare, bunduki na mamlaka.

Hata hivyo fedha za Serikali ni jasho la mkulima wa pamba, ambaye hakumpiga mtu. Mkosaji naye aguswe. Jimbo la Colorado lilitunga sheria mwaka 2020: askari ambaye mwajiri wake ameona hakutenda kwa nia njema hulipa asilimia 5 ya fidia au dola 25,000, kile kilicho kidogo. Nasi tufanye hivyo kwa kiwango chetu, na mkuu wa kituo aliyejua akanyamaza akatwe pia. Sehemu inayobaki iandikwe waziwazi katika fungu la Jeshi la Polisi, Wabunge waikute humo kila wanapojadili bajeti.