Kifaranga hatupwi
(Maneno tuliyosema hapa Baraka, siku ya kugawa kuku)



Mbele ya kugawa kuku, tuongee kidogo juu ya jogoo wa kiwanja chetu, yule mnayemwita Shefu wa Avenyu. Alikuwa na siku tatu tu mbuzi alipomkanyaga mguu. Watu wakasema, "Huyu atupwe, hata mchuzi hatatoa." Watoto waliorudi toka Nyarugusu wakakataa.

Tulisaidiana nao. Tulinyoosha mguu, tukauzungushia kitambaa na sparadra bila kukaza, maana mguu wa kifaranga unakua kila siku. Tulimtenga, kwa sababu kuku wakiona damu wanadonoa mpaka kuua, lakini kartoni yake tuliiweka karibu na mama asikie sauti. Usiku tulimwekea chupa ya maji moto ndani ya kitambaa: juma la kwanza kifaranga anahitaji joto la karibu digrii 35. Alikula unga wa mahindi, ndagala waliosagwa na mchwa.

Alipona, lakini anachechemea. Kila asubuhi anapita avenyu nzima, anaingia kila parseli, anapiga kelele mlangoni mpaka apewe kitu. Akiona mzee wa kofia, anamkimbiza.

Watoto wanamfuata. Ndivyo walivyoanza kuingia kwa majirani ambao hawakukimbia vita, wale waliokuwa wanawaita "watu wa kambi". Mambo ya mashamba hayajaisha. Lakini jirani mmoja ambaye hakuwa anasalimu wanachama alimrudisha Shefu siku ya mvua, amemfunika na koti yake. Tangu hapo wanasalimiana, na kesi ya mpaka wanaiongea wakiwa wameketi.

Sasa tuko na maombi mawili. Wanachama, kifaranga akiumia, mumfunge mguu na mumpe joto kwanza. Wafadhili, mguu tunaweza kufunga, lakini kideri haina dawa, iko na chanjo tu: tone moja kwenye jicho, na kurudia kila miezi 3 ao 4. Tunaomba chanjo ya avenyu nzima, kuku wa waliorudi na wa waliobaki. Kuku wanatembeleana kila siku; tukichanja upande mmoja, ugonjwa utabaki kwa jirani.

Siku ya chanjo, kuku wafungiwe ndani tangu usiku. Shefu pia.