Mwalimu Akiaga, Mrithi Atoke Wapi?



Liko swali moja ambalo halikauki kwenye vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam, na wala halisubiri timu ifungwe. Huulizwa hasa timu inapofanya vizuri. Mwalimu akishinda mechi nane, tisa, mashabiki hufurahi, halafu furaha ile ile huzaa hofu. Watu wanajua kwamba matajiri wa Casablanca, Cairo na Johannesburg nao wana macho. Basi linaanza: akiondoka huyu, nani ashike timu? Mmoja atamtaja Mreno, mwingine atamtaja Mbrazili, na wa tatu ataapa kwamba mrithi ameshaonekana uwanja wa ndege, amevaa kofia, ameingizwa kwenye gari lenye vioo vyeusi.

Leo naomba tulitazame swali hilo kwa utulivu. Nasema tunakosea tunapoanza na jina. Kabla ya kuuliza nani anakuja, tulipaswa kuuliza: huyu anayeondoka anaacha nini ndani ya nyumba, na ni nani ndani ya nyumba hiyo anayekijua?

Tuanzie Jangwani. Mwezi Aprili 2021 Yanga walimpokea Nasreddine Nabi, mwalimu kutoka Tunisia. Wakati huo watani wao wa Msimbazi walikuwa wanaelekea kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Nabi akaijenga timu, ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, ikarudia 2022/23, na mwaka huo huo wa 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger. Walifungwa 2-1 hapa Dar es Salaam, wakaenda kushinda 1-0 kule Algiers, wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Siku chache baadaye Nabi akaaga.

Wakumbuke wenye kumbukumbu jinsi mji ulivyogawanyika. Wapo waliosema kwamba Yanga imekwisha. Wakati huo huo Fiston Mayele naye akaenda Misri kuchezea Pyramids, na Feisal Salum akahamia Azam. Lakini Yanga haikuanguka. Akaletwa Miguel Gamondi wa Argentina, na tarehe 5 Novemba 2023 timu yake ikaifunga Simba mabao 5-1. Ubingwa ukabaki Jangwani, na katika Ligi ya Mabingwa timu ikaingia robo fainali, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti baada ya mechi mbili zisizo na bao.

Kwa nini mrithi huyu alifaulu? Gamondi ni mwalimu mzuri, hilo halina ubishi. Lakini pia alikuta nyumba imesimama. Alikuta uongozi ule ule, usajili ulioendeshwa kwa mpango, na wachezaji waliokwishaonja fainali ya Afrika. Alipewa msimu mzima kuanzia maandalizi ya mwanzo. Alibadilisha baadhi ya vitu, lakini hakulazimika kuchimba msingi.

Sasa tazama yaliyofuata. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam na kisha na Tabora United, Gamondi akaondolewa. Akaja Sead Ramovic kutoka Afrika Kusini. Siku alizopata kabla ya mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa hazikufika hata wiki mbili, na Al Hilal ya Sudan ikashinda 2-0 hapa hapa Dar es Salaam. Yanga ikaishia nafasi ya tatu katika kundi, ikatolewa. Mwanzoni mwa Februari 2025 Ramovic naye akaondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza msimu na ubingwa, akaenda zake. Akaja Romain Folz mwezi Julai, akaondolewa Oktoba baada ya kufungwa na Silver Strikers ya Malawi. Akaja Pedro Gonçalves, aliyekuwa ameifundisha Angola. Hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji: katika muda usiotimia mwaka mmoja, kiti kimoja kilikaliwa na watu watano.

Atainuka mtu aniambie: lakini si walichukua ubingwa wa 2024/25? Ni kweli, walichukua, na hapo ndipo penye somo. Hapa nyumbani, ukiwa na wachezaji bora kuliko wengine, unaweza kubadilisha mwalimu katikati ya safari na bado ukafika. Usajili unabeba. Lakini Afrika haidanganyiki kirahisi hivyo. Kule unakutana na watu wenye wachezaji kama wako au zaidi, na kinachobaki ni mazoea: beki anajua kiungo atakuwa wapi bila kugeuza shingo, timu inajua ifanye nini ikiwa nyuma kwa bao moja ugenini zimebaki dakika ishirini. Mambo hayo hayanunuliwi dirisha dogo. Yanafundishwa, na kufundisha kunataka siku nyingi. Ndiyo maana nasema kwamba gharama ya kubadilisha walimu ovyo huonekana zaidi kimataifa kuliko kwenye msimamo wa ligi yetu.

Msimbazi nao wasicheke. Fadlu Davids wa Afrika Kusini alikuja 2024, na katika msimu wake wa kwanza akaifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 2025. Wakafungwa na RS Berkane 2-0 kule Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Wapenzi wakasema tumempata mtu. Septemba mwaka huo huo, kati ya mechi ya kwanza na ya marudiano dhidi ya Gaborone United katika hatua za awali za Ligi ya Mabingwa, Davids akaondoka kwenda Raja Casablanca, klabu ambayo aliwahi kuitumikia kama msaidizi. Simba wakavuka, halafu wakamchukua Dimitar Pantev, mwalimu wa timu ile ile waliyotoka kuitoa. Mwaka haujaisha, Pantev naye hayupo.

Simlaumu Davids kwa kwenda kutafuta riziki. Mwalimu ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na Raja ni klabu kubwa. Ninachouliza ni hiki: siku Davids alipotia sahihi mkataba wake Msimbazi, je, mezani palikuwa na karatasi ya pili inayosema akiondoka ghafla nani atashika timu kesho yake asubuhi? Mwenendo wa mambo unaonyesha haikuwepo.

Wenzetu wa Uingereza yamewakuta, na mifano yao inafundisha. Julai 1974 Bill Shankly aliwashtua watu wa Liverpool alipotangaza kustaafu. Alikuwa ameishika timu tangu Desemba 1959, na mashabiki walimpenda kupita kiasi. Klabu haikwenda mbali. Ilimgeukia msaidizi wake, Bob Paisley, mtu mpole asiyependa kusemwasemwa, ambaye alikuwa hapo tangu 1939, kwanza mchezaji, kisha mtibabu, kisha mwalimu. Inajulikana kwamba mwenyewe hakuitaka kazi hiyo kwa pupa. Katika miaka tisa akachukua ubingwa wa ligi mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu. Alipostaafu 1983 akafuata Joe Fagan, naye kutoka chumba kile kile cha wasaidizi, na Kombe la Ulaya likaja tena 1984.

Halafu linganisha na Manchester United. Mei 2013 Alex Ferguson alistaafu baada ya miaka zaidi ya 26 na mataji 13 ya ligi. Mrithi, David Moyes wa Everton, alichaguliwa na Ferguson mwenyewe na kupewa mkataba wa miaka sita. Hakumaliza hata msimu mmoja. Aliondolewa Aprili 2014, na timu ikaishia nafasi ya saba. Watu walimcheka Moyes, lakini tazama alichokikuta. Mtendaji mkuu David Gill aliyezoea kununua wachezaji aliondoka wakati ule ule. Mabeki wa kutegemewa walikuwa wamekula chumvi. Na Moyes mwenyewe akawaaga wasaidizi wa Ferguson akaleta wake. Hivyo wenye kujua siri za nyumba walitoka kwa mlango mmoja, siku zile zile.

Wala sisemi kwamba mgeni hafai. Jurgen Klopp alipotangaza Januari 2024 kwamba ataiacha Liverpool mwisho wa msimu, klabu ilipata miezi ya kutafuta. Wengi walilitaja jina la Xabi Alonso, yeye akasema anabaki Leverkusen. Akachukuliwa Arne Slot wa Feyenoord, mgeni kabisa pale, akakabidhiwa kikosi karibu kile kile, akachukua ubingwa wa 2024/25. Msimu uliofuata, baada ya kikosi kubadilishwa kwa fedha nyingi, mambo hayakuwa mepesi tena. Tofauti ya Slot na Moyes haiko kwenye pasipoti. Iko kwenye kile ambacho kila mmoja alikikuta.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Sisi tunao warithi, ila tunawaita wakati nyumba inaungua. Septemba 2022 Zoran Maki aliondoka Simba mashindano ya Afrika yakiwa mlangoni. Akaitwa Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga. Mgunda akaiongoza timu kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola, akaanza kwa kushinda 3-1 kule Luanda, na Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari ikaja, akaletwa Robertinho wa Brazil. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, akaitwa nani? Mgunda. Seleman Matola naye, nahodha wa zamani wa Simba, amewasaidia walimu wageni wengi na kushika timu kwa muda zaidi ya mara moja. Kule Yanga, Charles Boniface Mkwasa aliwahi kufanya kazi hiyo hiyo ya zimamoto.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na tusisahau kwamba Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan, mwalimu alikuwa Abdallah Kibadeni, mtoto wa nyumbani. Ilichukua zaidi ya miaka 30 Simba kufika tena fainali ya Afrika.

Tena upo mfano wa jirani. Cedric Kaze wa Burundi alikuwa mwalimu mkuu wa Yanga, akaondolewa Machi 2021, kisha akakubali kurudi kama msaidizi wa Nabi. Si watu wengi wangekubali. Nabi alipoaga 2023, Kaze naye akaondoka, akaenda Namungo. Baadaye Nabi alimchukua Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, klabu iliyotwaa Kombe la Nedbank mwaka 2025, kombe lake la kwanza katika miaka kumi. Nabi alipoachana na Chiefs Oktoba 2025, timu ikaachwa mikononi mwa wasaidizi wake wawili, Kaze na Khalil Ben Youssef. Wenzetu hawakukimbilia uwanja wa ndege.

Basi, viongozi wetu wafanye nini? Nina mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wao. Kwanza, kila mwalimu mgeni anayetia sahihi apewe msaidizi mzalendo mwenye kazi halisi ya kufundisha, si ya kubeba koni na kutafsiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa haonyeshwi dawa? Pili, klabu imlipie msaidizi huyo masomo mpaka apate leseni ya juu, maana mashindano ya CAF yanadai hivyo, na mara nyingi leseni ndiyo fimbo ya kumfukuzia mzalendo. Tatu, kumbukumbu za mazoezi, za afya za wachezaji na za wapinzani ziwe mali ya klabu. Mwalimu wa siku hizi huja na watu wake na kompyuta zake, na akiondoka huondoka navyo. Klabu yenye mamilioni ya wapenzi haiwezi kuanza na daftari tupu kila baada ya miezi mitatu.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Sare mbili tu, tunataka mtu afukuzwe. Na kiongozi anayeogopa kelele zetu hufukuza mwalimu ili ajiokoe yeye. Halafu fidia inalipwa kwa fedha za viingilio vyetu wenyewe.

Ndugu msikilizaji, juma hili ukisikia kijiweni wanabishana juu ya nani atamrithi mwalimu, wasikilize majina yao mpaka wamalize. Kisha waulize swali moja tu: msaidizi wake anaitwa nani, na ana leseni gani? Wakikaa kimya, ujue klabu hiyo haijajiandaa, na siku mwalimu akiaga itaanza upya.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.