Somo la Mikono Haliishii Ubaoni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa afya)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya kuwafundisha watoto kunawa mikono, nilisita. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuandika habari, na jambo lenyewe laonekana dogo mno kuletwa mbele ya watu wazima waliosoma. Lakini nilikumbuka kisa kimoja, nikakubali kuja.

Siku moja nilitembelea shule ya msingi ya kijijini ambayo sina haja ya kuitaja jina. Nikaingizwa darasa la tatu. Ubaoni palikuwa na mchoro mzuri wa viganja viwili vikichuruzika maji. Nikamwuliza binti mmoja: mtu apaswa kunawa wakati gani? Akasimama wima, akataja: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kutayarisha chakula, kabla ya kumlisha mtoto, kabla ya kula. Hakukosea hata moja. Wenzake wakampigia makofi. Haukupita muda kengele ya uji ikalia. Asubuhi ile darasa hilo lilikuwa limepalilia bustani. Binti yule akapita mbele ya pipa la kunawia. Bomba lake lilikuwa kavu, na buibui amekwisha kutanda utando chini yake. Akapokea kikombe, akachovya kidole apate kujua kama uji ni wa moto, akakilamba.

Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama kando yangu. Nikamwuliza sabuni iko wapi. Akanijibu kwamba imo kabatini, imefungiwa, maana ikiachwa nje huibwa.

Ndugu Walimu, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza huyu mtoto alifundishwa nini hasa. Mdomo wake ulifundishwa maneno matano. Mikono yake ilifundishwa kwamba maneno hayo ni ya darasani, na kwamba nje ya darasa hata mwalimu hayafuati. La pili ndilo atakalokwenda nalo nyumbani.

Tuangalie maradhi yanavyosafiri. Vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya matumbo, pamoja na mayai ya minyoo, hutoka katika kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine. Huweza kupitia maji ya kunywa, au inzi, au chakula. Lakini njia fupi kuliko zote ni vidole. Vidole hivyohivyo hupangusa makamasi, hushika dawati, kisha vya mtoto mwingine hushika dawati hilo na kusugua jicho. Sabuni hufanya kazi ambayo maji peke yake hayaiwezi. Uchafu wa mikononi umeshikwa na mafuta ya ngozi, nayo sabuni huyalegeza mafuta hayo ili msuguo na maji yanayotiririka viuchukue uchafu pamoja na vijidudu. Na viko virusi, kama kile cha UVIKO-19, vilivyovikwa ganda la mafuta. Sabuni hulivunja ganda hilo, na kirusi kikaharibika. Ndiyo maana twaambiwa tusugue kwa muda usiopungua sekunde 20, tusisahau nyuma ya viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya desturi zetu, nanyi mtanisamehe. Zamani mgeni alipokaribishwa chakula, kijana alimmiminia maji kwa birika juu ya bakuli. Desturi hiyo ilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa maji yalitiririka na hayakurudi tena. Lakini katika nyumba nyingi siku hizi huwekwa bakuli moja la maji. Baba huanza, wakubwa hufuatia, na watoto humaliza. Yaani yule ambaye mwili wake ni dhaifu kuliko wote ndiye anayechovya mikono katika maji yaliyokwisha kupokea uchafu wa nyumba nzima! Na sabuni huletwa lini? Huletwa baada ya kula, ili kuondoa mafuta ya pilau na harufu ya samaki. Kabla ya kula twalowanisha vidole tu. Mtoto anayetazama hayo kila siku hujifunza kuwa sabuni ni dawa ya harufu. Mwalimu anapomwambia vingine, hashindani na ujinga mtupu. Anashindana na baba na mama yake mtoto, na inafaa alijue hilo kabla hajashika chaki.

Wala tusidhani kuwa kusoma kwatosha kumshawishi mtu. Katika Hospitali Kuu ya Vienna mwaka 1846, kwenye wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, walikufa akina mama zaidi ya 11 katika kila 100. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Daktari Ignaz Semmelweis akatambua kuwa madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Mwezi Mei 1847 akawaamuru waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi Juni wakafa wapatao 2. Hata hivyo wengi wa wakubwa wa taaluma ile walimkataa. Hakuwa na cha kuwaonyesha machoni, na baadaye akaanza kuwaandikia barua za kuwashutumu, akazidi kuwaudhi. Akafa mwaka 1865 bila kusikilizwa. Ikiwa madaktari wa Ulaya walikataa kuamini wasichokiona, mtoto wa miaka minane aamini kwa nini? Na ikiwa shutuma haikuwageuza wao, kiboko kwa sababu ya kucha chafu kitamgeuza mtoto?

Basi aonyeshwe. Mwalimu asage chaki nyekundu, aichanganye na mafuta kidogo ya kupikia, ajipake kiganjani, kisha awape mkono watoto watatu kabla ya kipindi cha hesabu. Kipindi kikiisha, darasa liitafute rangi ile. Itaonekana kwenye madaftari, kwenye mlango, hata kwenye shavu la mtoto ambaye hakupewa mkono. Halafu nusu wanawe kwa maji matupu na nusu kwa sabuni, walinganishe. Ule mchezo wa kunyunyiza pilipili manga majini na kuigusa kwa sabuni ikakimbia, mimi siupendi. Huwafurahisha watoto, lakini huwaacha wakidhani vijidudu hukimbia sabuni vikiiona, na kwamba kugusa kwatosha.

Wenye umri mkubwa hapa wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Lakini hawakuishia hapo, kwa sababu baada ya mazungumzo walishika majembe wakachimba vyoo. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya maskini mjini Karachi, Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa katika kaya zilizohimizwa kunawa na kupewa sabuni, kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu nusu. Zilihimizwa na kupewa sabuni, Ndugu Walimu. Yote mawili.

Nasi tumekwisha kuona kuwa yawezekana. Shule zetu zilipofunguliwa tena mwezi Juni 2020, baada ya kufungwa tangu Machi kwa sababu ya UVIKO-19, ndoo za kunawia zilisimama langoni. Katika shule kadhaa nilizopita baadaye, nimezikuta ndoo hizo stoo, zimetiwa mahindi. Hofu ilipopungua na maji yaliondoka.

Najua mtaniambia fedha hazitoshi. Ni kweli, na tatizo si letu peke yetu: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2019 watoto milioni 818 duniani walisoma katika shule zisizo na mahali pa kunawa penye maji na sabuni. Lakini kibuyu chirizi hutaka dumu la lita 5, kamba, miti michache na kijiti cha kukanyagia kwa mguu, na watoto wa darasa la tano waweza kukitengeneza kwa alasiri moja. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga ikikorogwa katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kizibo kikatobolewa, hupatikana sabuni ya majimaji ambayo hakuna mwizi atakayehangaika kuiba. Kipande cha mche wa sabuni nacho chaweza kutiwa ndani ya soksi na kufungwa kwenye mti.

Gharama iliyobaki ni ndogo, ila iandikwe katika bajeti ya shule mahali pamoja na chaki, isingojee mfadhili wala mlipuko wa kipindupindu. Kabla ya kengele ya uji yatolewe madakika kumi ya kunawa, walimu wakiwa mstari wa mbele na mikono yao wenyewe. Na ule ufunguo wa kabati apewe kiranja wa afya, awe anautoa kila Ijumaa kwa mwalimu mkuu pamoja na daftari la sabuni iliyotumika.